Nguvu Mbele, Udhaifu Nyuma

4 Februari

Wifi yangu,

Nakuandikia kwa penseli kwa sababu kalamu kaichukua mama yako, anajazia mafumbo ya gazeti, na hairudishi. Hali yake ni nzuri. Nyonga inaunga polepole. Daktari anasema tusiwe na haraka, na mama anasema ni rahisi kwake kusema hivyo, ana miguu miwili. Asubuhi namwogesha, mara tatu kwa siku namfanyisha mazoezi nikiwa nimemshika kiuno, na jioni tunakaa mbele ya televisheni kama wanafunzi. Tunacheka, wifi! Jana alicheka mpaka akashika nyonga, akaniambia kama nataka kumuua nimuue taratibu.

Aliniuliza kazi yetu hasa ni nini. Miaka sita anaona majina yetu yakipita mwisho wa kipindi na hajawahi kuuliza. Nikamwambia: kuna tamthilia ya watu wanaoishi kwenye kituo angani, mbali na dunia, na kila msimu lazima waje maadui wapya wa kuwasumbua. Kila adui ana kadi yake. Binti yako anaandika upande wa mbele, nguvu za adui, yaani kwa nini watu wamwogope. Halafu ananipa mimi nigeuze kadi, niandike upande wa nyuma, udhaifu wake, yaani ataangukaje. Ndiyo maana bosi wetu anamwita binti yako Sumu, na mimi ananiita Dawa. Nikamwambia na siri yetu: adui hatumtungi hewani, kila mmoja tunamwiba kwa mtu tunayemjua, na mwiko ni kumtaja.

Akaniuliza, "Yule Jemadari wa Chuma, asiyelala wala kusahau, ila akichekwa anavunjika vipande, ni nani?" Nikagoma. Akasema, "Ni mjomba wenu aliyesusa harusi." Wifi, alipatia!

Sasa nina neno. Nimetazama kipindi cha Jumapili. Huyo msichana mliyemkalisha kwenye kiti changu, mnayemwita Miwani, ndiye aliyemuua Mfalme wa Ukungu kwa maji? Adui anayesoma mawazo ya sayari nzima, anamwagiwa ndoo, basi kwisha? Hata jiko la mkaa linakufa kwa maji! Mimi ningemwacha asome mawazo ya watu mpaka asijue lipi ni lake.

Tulikubaliana nije mimi kumuuguza mama kwa sababu nguvu hutangulia na udhaifu hufuata, na wewe usingeweza kuondoka mwanzo wa msimu. Kaka yako naye yuko na nguzo zake za umeme huko alikopelekwa na kampuni. Sawa, sijuti. Lakini nitumie kadi, hata moja. Bosi hataki mambo ya kipindi yapite kwenye simu tangu kile kimoja kilipovuja, basi mpe dereva wa kampuni kwenye bahasha, anapita hapa kila Alhamisi. Na unilindie kiti changu.

Wifi yako,
Dawa

11 Februari

Wifi,

Nimefurahi kusikia mama anacheka. Mimi nilipompigia Jumamosi hakucheka, aliniambia niseme upesi uji unapoa. Nikamuuliza siku hizi anaupenda mzito au mwepesi. Akanijibu, "Muulize mke wa kaka yako." Mimi, niliyetoka tumboni mwake! Lakini ni vizuri. Nasema ni vizuri.

Miwani usimseme vibaya. Anafika kabla ya wote. Anafuta ubao, amepanga upya kabati la kadi, anajua Bosi anataka dirisha lipi lifunguliwe. Sijui tuliishije kabla yake, nakwambia kweli. Juzi kiti chako kimewekewa mto mzuri wa maua, mgongo usimuume.

Jambo jingine. Bosi amesema tarehe 31 Machi atatangaza nani atakaa kwenye kiti cha udhaifu msimu ujao, na safari hii kwa mkataba wa miaka mitatu. "Asiyekuwapo na lake halipo," ndivyo alivyosema, kisha akanitazama mimi. Unajua neno langu analisikiliza. Usihofu, nitakusemea.

Kadi hii hapa. Ndiye adui mkubwa wa msimu, kwa hiyo chukua muda wako.

MLEZI. Nguvu: Anaingia kituoni kama msaidizi. Hana silaha na hagombani na mtu. Anaonja kinywaji cha kila mmoja kabla ya kumpa, kisije kikamuunguza. Anajua nani hulalia ubavu upi. Baada ya siku arobaini hakuna anayekumbuka kituo kilikwendaje kabla yake. Mwenye nyumba akirudi, anajikuta anabisha hodi kwake mwenyewe.

Wako,
Sumu

18 Februari

Wifi yangu wa pekee,

Mwiko ni mwiko, sitamtaja. Ila nimemjua huyu Mlezi kabla sijafika mstari wa pili, na wewe unajua kwamba nimemjua. Kama anavaa kitu puani, mwambie akifute vizuri ajione!

Nimeandika kwa robo saa. Mama aliniita mara mbili nikajifanya kiziwi. Alipokuja kunitazama kwenye kile kiti chake cha magurudumu akasema, "Wewe unaandika au unatafuna mtu?" Nikamwambia vyote viwili. Tangu uliponitajia ule mto wa maua, wifi, chakula hakishuki vizuri. Kile kiti nimekikalia miaka sita bila mto, mgongo ukaniuma kama wa punda, na sikuwahi kulalamika.

Haya, pokea upande wa nyuma.

Udhaifu: Mlezi hana kwao. Hasaidii kwa upendo, anasaidia kwa njaa. Anachokiogopa ni siku ambayo hakuna atakayemwita. Kwa hiyo usimpige, usimfukuze. Jitengenezee chai yako mwenyewe mbele yake, halafu mwambie kwa upole, "Keti, hatuhitaji kitu." Siku ya kwanza atatabasamu. Siku ya pili atatafuta vumbi la kufuta. Siku ya tatu ataanguka mwenyewe, na hakuna atakayegeuka kumtazama.

Je, ninaweza kazi au siwezi? Mpelekee Bosi, na umwambie imetoka kwa nani. Na kuhusu kile kiti, sema neno mapema, usingoje mwisho wa mwezi. Siombi kingine.

Dawa, ambaye bado hajachacha

25 Februari

Wifi,

Kadi imefika. Nimeisoma mara tatu. Katika kazi zako zote sijaona inayoishinda hii. Bosi alipiga meza. Miwani alisema angetoa mwaka mzima wa maisha yake aweze kuandika hivi. Nilidhani utapenda kujua.

Mlezi atatoka Jumapili ya tarehe 22 Machi.

Uliniuliza kwenye simu kama nimekusemea. Sikujibu kwa sababu mama alikuwa anasikiliza, na yeye akisikia neno moja anatengeneza kumi. Habari ya kiti inaendelea, usiwe na wasiwasi.

Hivi, ulipokuwa unaandika, hakuna kitu kilichokushtua hata kidogo? Basi tu, nauliza.

Sumu

25 Machi

Sijui nianze kwa kukuita nani.

Jumapili tulikaa mimi na mama, tumejifunika shuka moja miguuni. Nilikuwa nimemtengenezea chai. Kwenye televisheni Mlezi akaingia kituoni, mwigizaji yule mrefu, mzuri, akachukua kikombe, akaonja kwa ncha ya ulimi, akafuta ukingo kwa kidole gumba, akampa nahodha. Na mimi, wakati huo huo, nilikuwa nimeshika kikombe cha mama na kidole gumba changu kiko ukingoni. Nimetoka kuonja.

Mama akatazama televisheni, akanitazama mimi. "We! Huyu si wewe kabisa?" Akacheka. Na mimi nikacheka, nilidhani ni bahati mbaya ya mikono. Kisha nikakumbuka kadi, mstari kwa mstari. Mwenye nyumba anabisha hodi kwake mwenyewe. Miwani ana nyumba ya nani pale? Aliyeingia nyumba ya watu ni mimi. Nimeolewa na kaka yako, nikaingia kwenu, na wewe ndiye mwenye nyumba.

Nyani haoni kundule, na mwaka huu nyani ni mimi. Mwezi mzima nilidhani namchinja Miwani, kumbe shingo ilikuwa yangu, na kisu nimekinoa mwenyewe. Umeniacha nijiue kwa mkono wangu, ukanisifu na kazi.

Lakini sikiliza lililofuata. Walipoanza kumwambia Mlezi, "Keti, hatuhitaji kitu," kicheko cha mama kilikwisha. Alitazama mpaka Mlezi alipoanguka kwenye ile korido na watu wakamruka wakienda kutengeneza chai zao. Akaniuliza, "Nani kaandika mwisho huu?" Ningesema nini? Nikasema ni mimi. Akanishika mkono.

Na tangu Jumapili hataki nimwonjee chai. "Keti mwanangu, pumzika, nitajitengenezea." Mtu ambaye hata mlango wa jikoni hajaufikia tangu Januari! Anafanya kwa huruma, anadhani ananiambia nina thamani hata nisipofanya kazi. Na mimi, wifi, leo nimefuta kabati ambalo nililifuta jana. Nimejiandikia barabara.

Nimeacha kiti changu nije kumsitiri mama yako, wewe ukaniona mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, nikadhani wanasema chawa.

Nijibu jambo moja tu. Ulinisemea kwa Bosi? Ndiyo au hapana. Zimebaki siku sita.

Dawa

1 Aprili

Wifi,

Hapana.

Barua yako niliipata Alhamisi, na siku zilikuwa bado zipo. Ijumaa nilifika mlangoni kwa Bosi nikageuka. Jumatatu nikafika tena, nikamuuliza habari za taa. Jana, mbele ya watu wote, akaniuliza, "Sumu, una la kusema kuhusu mwenzako?" Nikasema labda umependa kukaa na mama. Labda! Kiti amepewa Miwani, na mkataba umesainiwa pale pale.

Nakuonea wivu. Nimeliandika neno lenyewe na silifuti. Mama alipoanguka, majirani walimuuliza wampigie nani. Mimi na wewe tulikuwa tumesimama pamoja kazini, na simu iliyolia ilikuwa yako. Kwenye kikao cha familia nilisema siwezi kuondoka mwanzo wa msimu. Nilisema nikingoja mama akatae, aseme hapana, namtaka binti yangu. Akasema, "Sawa, aje mke wa kaka yako." Kwa wepesi ule ule wa mtu anayekubali chumvi iongezwe. Tangu hapo kila ulipoandika mnacheka, mimi nilikuwa naona unanichekea.

Habari za Miwani nilizitia chumvi. Ni mwoga tu, anafanya kazi sana kwa sababu anadhani tutamfukuza. Nilitaka uwake, uache kila kitu urudi mbio, mama abaki peke yake, anikumbuke. Ule mto wa maua niliuweka mimi.

Uliponirudishia kadi nilitaka kukuambia. Lakini ilikuwa nzuri mno. Nikasoma "anasaidia kwa njaa" nikajiambia, ona, hata yeye anajijua. Nilijua hujijui. Nilijua unamwandika Miwani. Nikaipeleka hivyo hivyo.

Jana jioni nilirudi kwa Bosi nikamwambia yote. Akasema mkataba umeshasainiwa. Kiti cha udhaifu hawezi kukirudisha. Nikamwambia basi kiti cha nguvu kiko wazi kuanzia sasa, nakiacha, na mtu wa kukikalia ni mmoja tu. Amekubali. Alhamisi ijayo, tarehe 9, nitakuja na dereva. Mimi nitashuka, wewe utapanda. Tafadhali tusiongee getini. Nitalia, utanihurumia, na huruma yako sasa hivi sijaistahili.

Niandikie tu kwenye karatasi uji uwe mzito au mwepesi.

Sumu

22 Aprili

Wifi,

Asante kwa karatasi. Ulisahau kuandika kwamba mtu akimwogesha mama lazima amwimbie, na kama hajui wimbo anazomewa.

Siku ya kwanza aliniita kwa jina lako mara nne. Niliitika zote nne. Siku ya tatu nikamuuliza, kwa nini ulikubali haraka vile aje mke wa kaka? Akashangaa. "Ulisema una kazi. Nikukataze kazi yako? Mwenzio sikumwonea aibu kumwomba. Wewe nilikuonea aibu." Nilitoka nje nikaanika nguo ambazo zilikuwa kavu.

Nina habari, na nimeona haki ni wewe uijue kwanza, hata kabla ya kaka. Jana asubuhi mama alishika fimbo, akasimama, akapiga hatua saba kutoka kitandani mpaka dirishani. Peke yake! Mimi nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti, sikumgusa. Nilipiga kelele jirani akaja na mwiko mkononi. Mama analia, mimi nalia, jirani naye analia na hajui kwa nini.

Najua hatua zile ni kazi ya mikono yako ya miezi mitatu. Najua. Lakini nisamehe nikikuambia nilifurahi kwamba aliyekuwepo nilikuwa mimi.

Wifi yako,
Sumu

29 Aprili

Wifi,

Nakuandikia kutoka kwenye kiti chako cha dirishani. Ni kibovu kuliko changu, hukuwahi kuniambia. Miwani anakaa upande wa pili. Siku ya kwanza alisimama niliposogea, akasema, "Dada, kama unataka hiki, mimi nitakaa hata sakafuni." Nikamwambia akae, mkataba ni mkataba. Nilimwambia kwa ukali, halafu mchana nikamgawia chakula changu. Bado namwonea kijicho akigeuza kadi. Mkono unanitoka wenyewe kutaka kumnyang'anya.

Wiki mbili nzima sikuweza kazi. Udhaifu naandika nikiwa usingizini, lakini nguvu! Nilimpa adui mmoja mikono minane. Mwingine nikampa moto machoni. Bosi akazisoma, akaniuliza kwa upole kama nalala vizuri. Nikaanza kuhesabu siku atakazonivumilia.

Alhamisi dereva akaleta barua yako. Hatua saba. Nilifurahi, wifi, naapa nilifurahi, kama dakika mbili hivi. Kisha nikaisoma tena. Mimi ndiye niliyemshika kiuno. Mimi ndiye niliyetukanwa kila akiumia. Mara tatu kwa siku, miezi mitatu, nikimwambia hatua moja tu mama, moja tu, na hakuniinulia hata kisigino. Kakuinulia wewe, umekaa!

Nikavuta kadi tupu nikaandika bila kunyanyua kalamu:

ACHELEWAYE. Nguvu: Hafanyi lolote. Wengine wanabeba wagonjwa, wanakesha, wanatukanwa. Yeye anakuja kazi ngumu ikiwa imekwisha, anakaa kwenye kiti, na wagonjwa wanasimama na kumwendea. Wote wanalia kwa furaha, na machozi yao yanamtazama yeye.

Bosi akasoma amesimama. Akauliza, "Sumu amerudi?" Nikamwambia hapana, ni mimi. Akaibandika ubaoni, ndiye adui mkubwa wa msimu ujao. Kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa unaandika miaka yote sita. Udhaifu wa mtu nauona nikimkasirikia. Nguvu zake sikuwahi kuziona sawasawa mpaka nilipomwonea wivu.

Nikampa Miwani ageuze. Mwiko nimeushika, sikumwambia ni nani, na nilitegemea ataleta maji. Alikaa nusu saa anauma kucha, halafu akaandika mstari mmoja: "Haamini kwamba muda wote walikuwa wanamngoja." Nimeusoma mpaka macho yakauma. Mtoto anaweza kazi, wifi. Inaniuma kusema, lakini anaweza. Nimekuandikia mstari huo hapa usome mwenyewe, kipindi ni mbali, na kuna mambo mtu hafai kuyajua kwenye televisheni kama nilivyoyajua mimi.

Kiti nimepata, kazi nimepata, jina langu litapita mwisho wa kipindi kama zamani. Na kila saa nne asubuhi naacha kuandika, nawaza ni nani anamfunga mama kitambaa cha kichwa na kama anakikaza mno.

Mazoezi ni mara tatu, si mbili, hata akinuna. Chai yake uonje kwanza, ulimi wake unaungua upesi. Msalimie sana, mwambie mwezi wa sita nakuja. Na wewe, nakuomba kama dada yangu, usimwache akuzoee haraka.

Wifi yako,
Dawa